Awaara imezeeka, lakini si kwa nyimbo zake

Desemba 2024 Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji wa filamu wa India, angetimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, na India iliiadhimisha siku hiyo kwa kuzisafisha filamu zake za zamani na kuzirudisha kwenye majumba ya sinema. Tangu hapo vipande vya Awaara, filamu yake ya 1951, vinazunguka kwenye simu zetu Unguja na Pemba, vingine vimetiwa rangi na kompyuta ingawa filamu yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Na kila mara mazungumzo ya kulifufua jengo la sinema la Majestic pale Vuga yanapozuka, Awaara hutajwa na wazee kama filamu ya kufungulia mlango. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Wazee wanasema hiyo ndiyo sinema safi, ya adabu, ya kukaa baba na mama na watoto bila mtu kuinamisha uso. Vijana wanasema ni kilio cha saa tatu kilichojazwa nyimbo zinazosimamisha hadithi kila inapotaka kwenda. Naona pande zote mbili zinazungumzia filamu ambayo haipo. Awaara haikuwa ya adabu hata kidogo, na nyimbo zake si mzigo, ni mhimili. Kilichozeeka ndani yake ni namna inavyomtazama mwanamke anapopigwa, na namna inavyoogopa kulifikisha mwisho swali lake yenyewe. Swali hilo, kama mtu ahukumiwe kwa alilofanya au kwa alikotoka, halijazeeka, na Zanzibar ya leo ina sababu nyingi za kulikwepa.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Jaji Raghunath, mtu mwenye jina na cheo, anaamini kuwa mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo amemfunga kijana aitwaye Jagga kwa kosa la kubaka, na kilichomtia Jagga hatiani ni kwamba baba yake alikuwa mhalifu. Ushahidi haukuwa na kazi kubwa. Jagga anatoroka jela, anakuwa jambazi kweli, anamteka mke wa jaji. Akigundua kuwa mwanamke ana mimba changa anamwachia baada ya siku chache, maana anajua shaka itafanya kazi kuliko kisu. Jaji anamfukuza mkewe usiku wa mvua, mtoto anazaliwa njiani, anakulia kwenye vibanda vya Bombay, na Jagga huyohuyo ndiye anayemfundisha wizi. Mtoto ni Raj, anayechezwa na Raj Kapoor mwenyewe. Rafiki yake wa utotoni, Rita, analelewa na jaji hadi kuwa wakili, na ndiye anayesimama na joho lake jeusi kumtetea Raj anaposhtakiwa kwa kutaka kumuua jaji, yaani baba yake mzazi. Filamu inaanzia kizimbani, kisha inarudi nyuma kueleza watu hawa walifikaje hapo. Mwandishi wake, Khwaja Ahmad Abbas, alikuwa mtu wa siasa za mrengo wa kushoto na hakuficha alichokitaka: kuonesha kuwa mazingira ndiyo yanayomfanya mtu, si damu.

Filamu hiyo ilitua Zanzibar katika miaka ambayo neno nasaba lilikuwa siasa. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, viti vyake vikagawiwa kwa asili za watu, na hadi 1946 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Uchaguzi wa kwanza ulikuja 1957. Katikati ya miaka hiyo mji ulikuwa na Sultana pale Malindi, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Ciné Afrique, ulikuwa na Empire pale Darajani, na 1955 ukapata Majestic, iliyojengwa mahali pa Royal iliyoungua. Mwanahistoria Laura Fair, aliyekusanya kumbukumbu za watazamaji wa visiwa hivi kwa miaka mingi, ameikuta Awaara ikitajwa miongoni mwa filamu zilizopendwa kuliko zote, na ameeleza pia kwamba ndani ya kumbi hizo kilichompangia mtu pa kukaa kilikuwa bei ya tiketi. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Kwa hiyo katika nchi ambayo serikali ilimhesabu kila mtu kwa asili yake, watu wa asili zote walikaa gizani chini ya paa moja wakimtazama mwanamke akimuuliza jaji ana hoja gani dhidi ya mshtakiwa zaidi ya ukoo. Sisemi sinema ilileta Mapinduzi. Hayo ni maneno ya kijiweni. Nasema waliokuwa wakilia mle ndani hawakuwa wakililia India tu.

Hoja dhaifu kuliko zote katika ubishi wa sasa ni ile ya adabu, nayo ndiyo inayorudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Tuitazame filamu kama ilivyo. Mzizi wa kisa chake ni kesi ya kubaka. Kiini chake ni mume anayeshuku kuwa mimba si yake. Shujaa wake ni mwizi, na anamkaribia Rita kwa kumwibia mkoba kisha kuurudisha akijifanya amemfukuza mwizi. Nargis, anayemcheza Rita, anaonekana pwani na vazi la kuogelea, miaka zaidi ya sabini iliyopita, mbele ya wazee hawahawa wakiwa vijana. Na upo wimbo wa usiku ndani ya mashua ambamo Rita anauomba mwezi ugeuze uso kidogo tu ili apate kumpenda mpenzi wake bila kuonwa. Hiyo ndiyo filamu inayoitwa ya adabu. Wazee wetu hawasemi uongo wanapodai kuwa waliitazama bila haya. Ila kilichowaondolea haya ni kuwa mambo mazito yaliwekwa ndani ya wimbo, na kwetu wimbo una ruhusa ambayo mazungumzo hayana. Bibi aliyekulia kwenye taarab anajua hivyo bila kufundishwa: lile ambalo mwanamke wa heshima haliweki mdomoni, anaomba liimbwe, na ukifika ubeti wake anasimama na kwenda kumtunza mwimbaji pesa mbele ya ukumbi mzima huku kila mtu akijua limempata nani.

Ndiyo maana nashangaa kijana wa Zanzibar, kuliko kijana wa mahali pengine popote, akilalamika kuwa nyimbo zinaikatiza hadithi. Nadhani lawama si yake. Tumemlea kwenye vibanda vya video ambako mfasiri anaongea juu ya picha, na wimbo ukianza mara nyingi anaurusha mbele ili wafikie ngumi. Kinachobaki ni mifupa. Chukua wimbo unaobeba jina la filamu, aliouimba Mukesh. Raj anapita mitaani na suruali iliyochanika, anachomoa vitu mifukoni mwa watu, anacheka, na anaimba kuwa yeye ni mzururaji asiye na nyumba wala mtu wa kumlilia. Ukiuruka, mahakamani baadaye utamwona mshtakiwa tu. Ukiusikia, unaingia mahakamani ukiwa tayari umemsikia akijitetea, kwa maneno ambayo hakimu hatayasikia kamwe. Watazamaji wa Sultana na Empire wengi hawakuwa na Kihindi cha kutosha, na hapakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Waliyashika mambo kwa njia hiyo, na walitoka nayo kichwani wakiyaimba.

Halafu ile ndoto. Ni kama dakika tisa, haina mazungumzo ya kawaida, na upigaji wake ulichukua miezi mitatu. Raj yuko motoni, masanamu ya kutisha yamemzunguka, moshi unapanda. Juu mawinguni Rita anamwita. Jagga anatokea mkubwa kama jengo, kisu mkononi. Ukiuliza Raj anaogopa nini hasa katika filamu nzima, jibu liko hapa na haliko kwingine. Ndani ya ndoto hiyo Lata Mangeshkar anaimba Ghar Aaya Mera Pardesi, na sikio la Kizanzibari lina haki ya kushtuka, kwa sababu sauti hiyo inafuata waziwazi wimbo wa Kimisri, Ala Balad el Mahboub, utunzi wa Riad al-Sunbati ambao Umm Kulthum aliurekodi miaka ya 1930. Shankar na Jaikishan, watunzi wa muziki wa filamu hii, waliusikia wakaugeuza. Sasa fikiria ulivyotufikia. Sultani Seyyid Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, Nadi Ikhwan Safaa wakaanzisha chama chao cha taarab 1905 kwa kuipenda sauti hiyohiyo ya Misri, Siti binti Saad akaenda Bombay 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Wimbo uliotoka Misri ukapita Bombay na kushuka Malindi ukiwa umevaa sari ulikuta watu wanaomjua babu yake. Sijui nchi nyingi ambazo zingeweza kuusikia wimbo ule kwa masikio mawili namna hiyo. Kuuita wa kujazia ni kuuza dhahabu kwa bei ya bati.

Urefu nao unalalamikiwa, lakini malalamiko hayo hayanisumbui. Nyumba zinazosema saa tatu ni nyingi ndizo zinazofuatilia tamthilia za Kituruki kwa mwaka mzima, usiku baada ya usiku.

Hoja nzito iko kwingine. Pwani, Rita anamwita Raj mshenzi, kwa mzaha wa mtu anayependa. Neno linamchoma, maana ndilo alilotupiwa maisha yake yote na watu wenye nyumba, na anampiga. Si mara moja. Rita haondoki wala hakasiriki. Anaangukia miguuni pake. Kamera inataka tuone mapenzi makubwa. Niliitazama filamu hii na wapwa zangu wa kike, ambao walikuwa wameimba pamoja nayo hadi hapo, na mmoja akauliza kwa nini huyu wakili hakuchukua viatu vyake akaenda zake. Sikuwa na jibu, na filamu haina. Watetezi wa Awaara wana mbili za kusema. Ya kwanza ni kwamba zama zile zilikuwa hivyo. Ya pili ina akili zaidi: kwamba kipigo kile ni cha mtu aliyeumizwa na tabaka lake, na filamu inaonesha jeraha, haisifu mkono. Ya pili ningeikubali kama filamu ingesimama hapo na kumtazama Rita japo kwa muda mfupi kama inavyomtazama Raj. Haisimami. Na ile ya zama inaanguka kwa ushahidi wa filamu yenyewe, kwa kuwa hadithi yote imejengwa juu ya kosa la mwanamume aliyemtendea mkewe ukatili kwa sababu ya heshima yake iliyoguswa. Raghunath amehukumiwa kwa hilo saa nzima. Kipimo kilikuwepo, kiko mkononi mwa Abbas na Kapoor, ila kilipofika kwa shujaa wao wakakiweka mfukoni. Jaji akimfukuza mwanamke ni dhuluma. Kijana maskini mwenye sura nzuri akimpiga mwanamke ni mapenzi. Hapo ndipo filamu ilipozeeka, na hakuna kusafisha picha kutakakoiponya.

Zanzibar hatuwezi kulipita tukio hilo kwa kusema ni sinema tu. Udhalilishaji wa wanawake na watoto umekuwa tatizo la wazi kiasi kwamba 2021 ilianzishwa mahakama maalumu ya kesi hizo. Lakini muulize mtu yeyote anayeshughulika nazo, wakili, sheha au mama wa jirani, atakutajia kwanza muhali kabla ya kutaja sheria. Mtu anaoneana muhali na jirani, na shemeji, na mtoto wa mwalimu wake. Kesi inafika kwa sheha, wazee wanakaa, mtu anasema huyu ni kijana wa fulani, watu wa nyumba ile hawana tabia hiyo, mambo yanamalizwa kwa sulhu, na siku ya kesi shahidi hatokei. Raghunath aliutumia ukoo kumfunga asiye na mtu. Sisi tunautumia kumwachia mwenye watu. Kanuni ni moja, imegeuzwa tu: ushahidi unasubiri nje wakati nasaba inahojiwa ndani. Na upande wa pili wa kanuni hiyo tunao pia, maana kijana aliyekulia kwa bibi yake baada ya baba kutoa talaka na kutoweka, akituhumiwa kwa simu iliyoibiwa mtaani, huulizwa kwanza wewe wa nani. Ndiyo maana nimesema swali la filamu hii ni bichi zaidi kwetu. Mtazamaji wa 1952 aliweza kujiweka upande wa Raj dhidi ya wakubwa. Mtazamaji wa leo, akiwa mkweli, atajikuta kwenye kile kiti cha juu, na wigi la jaji linamkaa.

Kuna wanaosema basi filamu yenyewe ilijibu swali vizuri, tuipongeze. Siendi nao hadi huko. Awaara inahubiri kwamba damu haimfanyi mtu, halafu inatupa shujaa ambaye damu yake ni ya jaji. Raj akitubu mwishoni, akihukumiwa miaka mitatu na kuahidi kusoma sheria gerezani, mtu anayeamini nasaba anaweza kurudi nyumbani ameridhika: si unaona, asili imemvuta. Hata nyuma ya pazia filamu inajipinga. Jaji amechezwa na Prithviraj Kapoor, baba wa kweli wa Raj Kapoor. Raj akiwa mtoto amechezwa na Shashi, mdogo wake. Na babu yao, Basheshwarnath, anaonekana kwenye kiti cha hakimu. Ukoo mzima umekusanyika kutuambia kuwa ukoo si kitu. Nalisema hilo nikicheka, lakini Jagga simchekei. Yeye ndiye mtoto halisi wa mhalifu katika hadithi, yeye ndiye aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na yeye ndiye uthibitisho pekee wa hoja ya Abbas usio na mwanya. Filamu ikamfanya mwovu, ikamuua, na mahakama ile yenye Rita hodari haikuifungua tena kesi yake. Abbas alikuwa na ujasiri wa kumvua jaji heshima. Hakuwa na ujasiri wa kumrudishia Jagga yake, labda kwa kuwa ukumbi usingemlilia mtu asiye na sura ya stelingi.

Kwa hiyo kama siku moja Majestic itapata paa na mashine, na kama ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wanaoonesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998, watataka kuirudisha Awaara mbele ya Wazanzibari, ningeomba ioneshwe nzima. Wapo watakaotaka kukata vazi la kuogelea, wapo watakaotaka kukata kipigo, na wapo, hao ndio wengi, watakaotaka kukata nyimbo ili watu wawahi kurudi nyumbani. Wa kwanza wanalinda adabu ambayo filamu haikuwahi kuwa nayo. Wa pili nawaheshimu, lakini kipigo kikifichwa mjadala wake nao unafichwa, na watoto wa kike watabaki na wimbo mtamu bila kujua uliimbwa kwa ajili ya nani. Kuwe pia na kipindi cha wanawake peke yao kama zamani. Si kwa sababu ya haya: maneno yatakayosemwa mle ndani taa zikiwaka hayatasemwa mbele ya waume.

La mwisho ni la kazi. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yasifanywe na mashine wala na mfasiri wa mazungumzo peke yake, kwa kuwa atatafsiri maneno ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, walioandika mashairi ya nyimbo hizi, kama taarifa ya habari. Wapewe watunzi wa taarab. Wapo Unguja, wapo Pemba, wanajua mizani na vina, wanajua mwanamke anauomba vipi mwezi ugeuze uso bila kujivunjia heshima, na wengi wao hawana kazi ya kulipwa miezi mingi ya mwaka. Filamu ina nyimbo zaidi ya kumi. Kila mmoja apewe mmoja, walipwe kwa ubeti, na majina yao yaandikwe mwishoni pamoja na ya Bombay.